Mshahara wa afisa uhusiano: Halali au haramu?

Baada ya swala ya Ijumaa hapa Rusimbi alinifuata kijana niliyepata kumfundisha Maarifa ya Uislamu. Siku hizi ni afisa uhusiano wa kampuni moja. Akaniuliza: "Ustadh, nimeamriwa kuandika taarifa kwa umma kwamba bidhaa yetu ni salama, na majibu ya vipimo nimeyaona. Nikikataa, kazi sina. Mshahara huu ni halali kwangu?"

Ndugu msomaji, kazi yenyewe haina ubaya. Kumsemea mwajiri kwa kauli nzuri na ya kweli ni jambo jema. Lakini wapo wanaodai kuwa afisa uhusiano ni mdomo tu, dhambi ni ya aliyemtuma. Hoja hii haisimami. Mtume (s.a.w.) alipowalaani mla riba na mtoaji wake, alimjumuisha na mwandishi wa mkataba, ambaye kazi yake ni kalamu tu!

Wengine husema: "Sikudanganya, nilinyamaza tu." Hao wakumbuke kisa cha muuza nafaka katika soko la Madina. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye fungu, vidole vikakuta unyevu. Mtu yule hakutamka neno la uongo. Alitanguliza kavu juu, mbichi akaificha chini. Bado Mtume (s.a.w.) alikihesabu kitendo kile kuwa ni udanganyifu. Sisi wa Kigoma, tunaonunua dagaa kwa mafungu, tunaielewa vizuri hila hiyo.

Je, kila siri itangazwe? Hasha. Siri za mwajiri ni amana, na aibu ya mja husitiriwa. Kipimo ni hiki: nani anaumia kwa ukimya huo? Siri isiyomdhuru mtu ni amana. Lakini anayefichwa akiwa ndiye atakayedhurika, hiyo ni hiana.

Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kagunga, kipindupindu kiliua makumi ya watu. Jina hilo halipendezi katika taarifa yoyote ile. Lakini aliyelisikia alijua achemshe maji na anawe mikono. Lau wasemaji wangeliita "matatizo ya tumbo", wangesitiri nini, na wangezika wangapi?

Hata wasiofuata sharia wanalijua hili. Septemba 2017 kampuni ya Bell Pottinger ya Uingereza ilifukuzwa na chama cha wanataaluma wenzake kwa kampeni iliyochochea chuki za rangi Afrika Kusini, kwa maslahi ya kampuni ya familia ya Gupta. Mwezi huohuo ikafilisika.

Nilimwambia kijana: usiandike. Mpe mkubwa wako taarifa ya kweli, umshauri kwa adabu aondoe bidhaa ile sokoni. Akikataa, kalamu yako isishiriki.

Lakini nakiri, ni rahisi mimi kusema hivyo. Si mtoto wangu atakayekosa uji. Tunawahimiza vijana wetu wawe wakweli makazini, kisha wakifukuzwa tunawaombea dua na kwenda zetu. Kama kweli tunauchukia udanganyifu, basi anayeachishwa kazi kwa kuukataa ni mzigo wetu sote tunaoswali naye safu moja.

Wallahu a'alam.