Pishi ya Mfuto

Muuza kanga ataja bei ya doti moja. Mnunuzi acheka na kutaja nusu yake. Muuzaji aapa kwamba kwa nusu hiyo hata mtaji haurudi. Mnunuzi naye ajibu kwamba duka la pili lauza kwa chini zaidi, ingawa duka la pili hakulifikia. Baada ya robo saa doti yakunjwa, fedha yalipwa, na wawili hao waagana kwa heri. Kila mmoja amesema maneno mawili matatu yasiyo kweli, wala hapana anayejiona amedanganywa. Lakini mnunuzi yule yule akifika nyumbani, akafungua mchele alioununua njiani, akakuta chenga na changarawe chini ya mchele safi, hatacheka. Atasema ameibiwa. Kwa nini uwongo mmoja uwe mchezo, na wa pili, ambao labda umemtoa fedha chache kuliko ule wa kwanza, uwe wizi?

Wako wanaotafuta jibu katika ukubwa wa hasara, lakini hasara ya kanga yaweza kuwa kubwa kuliko ya mchele. Jibu lililo bora limo katika kujua na kutojua. Maneno ya kupatana bei yamekwisha poteza nguvu ya ushahidi. Muuzaji anapolia kwamba mtaji haurudi, desturi ya soko imemfundisha kila mtu kusikia maneno mengine: bado sijakubali. Kanga yenyewe imetandazwa machoni. Mnunuzi aishika, aigeuza, aitazama pindo na rangi. Mchele hauna desturi kama hiyo. Tabaka la juu lilisema kwa niaba ya tabaka la chini, na likasema uwongo kwa mtu ambaye hakuwa na njia ya kuliuliza.

Swali hili ni la kale. Katika mwaka wa 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika habari ya mfanyabiashara aliyepakia nafaka Alexandria akaipeleka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani aliona vyombo vingine vimesheheni nafaka, vinakuja huko huko. Je, awaambie watu wa kisiwa, bei ianguke, au anyamaze na auze kwa bei ya njaa? Cicero aliwaleta wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli alishika kwamba muuzaji hutaja kasoro za mali yake kadiri sheria inavyomtaka, na kupita hapo kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, alijibu kwamba manufaa ya mtu mmoja na ya wenzake ni mamoja, kwa hiyo lile alijualo muuzaji mnunuzi naye apasiwa kulijua. Cicero alihukumu upande wa Antipater. Ni hukumu nzito, na madalali wengi wakiisoma watatabasamu. Yaweza kusemwa kwa haki kwamba habari ya vyombo vilivyo baharini si kasoro ya nafaka iliyomo mkononi, na kwamba aliyesafiri akaziona ana haki fulani ya jasho lake. Hapo Diogenes si wa kudharauliwa. Lakini katika nafaka yenyewe hana pa kusimama. Wasomaji wa pwani wanaijua hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Muslim, jinsi Mtume alivyotia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikagusa umajimaji. Mwenye mali alisema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuyaweka yaliyolowa juu, watu wayaone. Mvua haikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa mahali alipoiweka.

Ikiwa ndivyo, anayehitaji kulindwa kuliko wote ni yule asiyejua: mtoto aliyetumwa dukani na mgeni aliyeshuka jana. Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alimtaja mwenye duka asiyempandishia bei mnunuzi asiye mzoefu, hata mtoto akanunua kwake kwa bei ya kila mtu. Kant aliuliza kama mwenye duka huyo ni mwema, au anajua tu kwamba jina jema huleta wateja. Mtoto aliyerudi nyumbani na chenji kamili hatauliza hilo. Mogadishu ililitazama jambo kwa jicho jingine. Ibn Battuta, aliyefika mji huo mwaka 1331, alieleza kwamba kila mfanyabiashara mgeni alipokewa na mwenyeji, akakaa nyumbani kwake, na mwenyeji huyo ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya chini mno, au kumuuzia pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Watu wa mji ule hawakungoja kila moyo uwe mweupe. Walimpa mgeni macho ya kuazima.

Mpaka hapa yaonekana kana kwamba maarifa yanatosha: mwenye kujua hadhulumiki. Lakini katika mashamba ya viazi na vitunguu ya Tanzania kuna kitu kiitwacho lumbesa, nacho chavunja hoja hiyo. Gunia hujazwa hata mdomo, kisha hushonewa nyavu au kipande cha gunia jingine juu yake, likajazwa tena hata likaota kichwa. Hilo huitwa gunia moja, na bei yake ni ya gunia moja. Hapana kilichofichwa. Mkulima aliona viazi vyake vikipanda juu ya mdomo wa gunia, na aweza kukisia kwa mkono ni debe ngapi zilizozidi. Ajua yote, na bado amepunjwa. Kwa nini akubali? Kwa sababu lori ni moja na limekuja leo, barabara itaharibika mvua ikinyesha, viazi vilivyokwisha chimbwa havingoji, na mtoto adaiwa ada. Mwenye lori ajua hayo pia. Sura ya 83 ya Kurani, inayoitwa kwa jina la wapunjao, haikusahau mkono huu: yataja wale ambao wakijipimia kwa watu hupokea kamili, na wakiwapimia watu hupunguza. Kupunja kuna milango miwili, na mlango wa mnunuzi husahauliwa upesi, kwa kuwa kwa mazoea lawama humwangukia mwenye duka.

Sheria imenena. Sheria ya vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, yakataza ufungashaji huo, na Wakala wa Vipimo, ulioanza mwaka 2002, una kazi ya kuisimamia. Kenya nayo ilitoa kanuni za viazi mwaka 2019, ikaweka kilo 50 kuwa mwisho wa mfuko. Lakini mizani ya serikali iko mbali na shamba kuliko lilivyo lori. Basi baadhi ya wakulima hujitafutia dawa wenyewe: viazi vidogo na vilivyokatwa na jembe huwekwa katikati ya gunia, na pengine udongo kidogo. Hoja yao ni kwamba wanarudisha kilichokuwa chao. Hasira hiyo yaeleweka, lakini dawa yenyewe haimfikii mgonjwa. Mwenye lori hafungui gunia; aliuza kama alivyonunua. Anayefungua ni mama muuza chipsi mjini, ambaye hakushona kichwa cha gunia lolote, naye hujilipa kwa kupunguza sahani. Deni la shamba hulipwa mezani na mtu mwenye njaa.

Wazee waliopima kwa kibaba, robo ya pishi, walikuwa na pishi ya mfuto: iliyojazwa kisha ikafutwa kwa kiganja hata nafaka ikawa sawa na mdomo. Mfuto ulikuwa mkataba usioandikwa, na kilichozidi kiliitwa nyongeza. Pasipo mfuto hakuna ajuaye deni limekwisha wapi na hisani imeanza wapi, na hapo ndipo kichwa cha gunia kilipopata nafasi ya kuota; kilikuja kwa sura ya nyongeza, kisha kikawa kodi.

Sokoni jambo hili bado laonekana kila asubuhi. Mwanamke muuza maharage ajaza kopo, apitisha kiganja juu yake, amwaga katika mfuko wa mteja, kisha achota konzi moja na kuitupia humo bila kuombwa. Mteja hafungui mfuko kutazama. Huko juu milimani, kijana wa lori amepanda juu ya gunia, alishindilia kwa goti, na mwenye viazi amesimama kando ameshika ndoo tupu, akingoja kuambiwa kama limejaa.