Bangi Iliyoruhusiwa, Je, Ni Halali?

Huenda wakaa Denver au Aurora, umeingia Islam karibuni au ungali wachunguza, na moyoni mwako lipo swali: ikiwa sheria ya Colorado yaruhusu bangi, kwa nini dini inikataze?

Kwanza yafaa tuifahamu hiyo ruhusa yenyewe. Wananchi wa Colorado waliipigia kura Novemba 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Aliyeruhusiwa ni mwenye miaka 21 na zaidi. Achukue wakia 2 tu, yaani kama gramu 56. Asivute hadharani, wala asiendeshe gari akiwa amelewa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba mwajiri aweza kumfukuza mtumishi aliyeitumia hata nje ya saa za kazi. Na sheria ya taifa zima ya mwaka 1970 haitambui bangi ya starehe katika jimbo lo lote. Ajabu ya ruhusa yenye kuta nyingi kuliko milango! Jimbo halikusema kwamba bangi ni njema. Limesema tu kwamba halitamfunga mtu mzima kwa ajili yake.

Qurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara (2:220), yakiri kwamba kileo kina faida kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko faida. Tazama insafu hiyo! Kweli faida ipo: kodi ya bangi imejenga shule Colorado. Lakini Al-Maida (5:92) yaonyesha hasara isiyoandikwa katika hesabu za kodi, kwamba Shetani ataka kutuzuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na Sala. Akili ndiyo amana aliyopewa mwanadamu ili amjue Mola wake. Aizimaye kwa hiari, hata Jumamosi moja tu, atasimamaje kusali akijua asemayo?

Wengine hudai kwamba aya zataja mvinyo, si majani. Mtukufu Mtume s.a.w. alifundisha kuwa kila kilevyacho ni mvinyo, na kilevyacho kikiwa kingi, kidogo chake pia ni haramu. Naye Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika kitabu chake Kishti Nuh cha mwaka 1902, aliitaja bangi kwa jina lake pamoja na afyuni. (Neno letu hili latoka kwao Bara Hindi.) Dawa aliyoamuru tabibu kwa dharura ni jambo jingine.

Ikiwa ulivuta kabla ya baiati, tubu. Wala usijitangaze mbele ya watu. Lakini kama wewe ni mgeni nchini, ujue kwamba idara ya uhamiaji ilieleza Aprili 2019 kuwa matumizi ya bangi, hata kazi katika duka lake, yaweza kumnyima mtu uraia, ijapokuwa jimbo limeruhusu. Katika mahojiano utaulizwa ukiwa chini ya kiapo, na Mwislamu hasemi uwongo. Basi muone mwanasheria kabla ya kupeleka maombi yako.