Ghala la Nyimbo
(Soma kwanza Luka 12:13–21)

Yule tajiri wa mfano wa Bwana wetu hakuwa mwizi. Hatusikii kwamba alizuia mshahara wa mtu, wala kwamba alisogeza mpaka wa shamba la jirani yake. Shamba lake lilizaa sana, akakosa mahali pa kuweka mavuno, basi akakusudia kubomoa ghala zake na kujenga nyingine kubwa zaidi. Mpaka hapo mkulima ye yote angefanya vivyo hivyo. Bwana amwita mpumbavu kwa sababu nyingine, na sababu hiyo twataka kuitafuta pamoja nanyi, si katika nafaka, bali katika kitu ambacho wengi wetu hatukudhani kwamba chaweza kujaza ghala, yaani nyimbo.

Huko Ulaya na Marekani wako watu waupendao ule muziki wa zamani wa Ulaya uitwao wa klasiki, kazi za akina Bach, Mozart na Beethoven. Waupenda hata wakaukusanya nyumbani mwao kama yule tajiri alivyokusanya nafaka. Zamani za santuri za kwanza hakuna aliyeweza kukusanya mwingi. Sahani pana ya santuri ilichukua dakika nne au tano tu kila upande, nayo ilikuwa nzito, na ikianguka ilivunjika kama kigae. Mwaka 1948 zikatokea sahani zizungukazo polepole, zenye kuchukua dakika ishirini na zaidi kila upande. Mwaka 1982 zikafuata sahani ndogo zing'aazo, ziitwazo CD, kila moja yaweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Ndipo ghala zilipoanza kubomolewa na kujengwa kubwa zaidi. Mwaka 2016 kazi za Mozart zilitolewa katika sanduku moja lenye CD 200. Mwaka 2018 kazi za Bach zikatolewa katika CD 222, muziki wa saa 280 hivi. Mwenye fedha aweza kuyanunua masanduku hayo mawili siku moja, akalala usiku ule akiwa na CD zaidi ya 400 ambazo asubuhi hakuwa nazo.

Wako wenye CD 1,000, nao hujiona maskini mbele ya wenye 10,000. Na tufanye hesabu kidogo, maana hesabu nayo huhubiri. Mwenye CD 10,000, tukisema kila moja ina saa moja tu, naye asikilize saa mbili kila siku pasipo kuruka hata siku ya kuugua, atamaliza baada ya siku 5,000, yaani miaka 13 na miezi minane. Hapo atakuwa amesikia kila moja mara moja tu. Lakini muziki wa namna hii haujulikani kwa kusikiwa mara moja. Ni kama zaburi, ambayo mtu huisoma na kuisoma tena hata ikakaa moyoni. Basi mzee wa miaka sabini mwenye ghala kama hilo, naye angali akinunua, amnunulia nani? Tusidhani kwamba wenyewe hawajiulizi. Wengi wao hukiri, nusu kwa kicheko na nusu kwa haya, kwamba wanazo sahani ambazo hawajazifungua hata kifuniko.

Na mwisho wake huwa hivi. Mwenye mali afa, rafu zake zimepanda mpaka darini, na watoto wake hawaujui muziki ule wala hawana nyumba ya kuuweka. Mchuuzi huitwa, hupitisha macho muda mfupi, akataja bei moja ya jumla. Lile swali ambalo Mungu alimwuliza tajiri usiku ule, juu ya mrithi wa vitu vyake, mchuuzi hulijibu mchana kweupe.

Hata hivyo tusifanye haraka kuwahukumu wakusanyao. Kama wasingalikuwako watu wa namna hiyo, tungalikosa mengi, na hapo yafaa tusimame tutazame habari moja ambayo ni ya kanisa letu wenyewe.

Johann Sebastian Bach, Mlutheri kama sisi, alikuwa mwimbishaji wa shule ya Mtakatifu Thomas na makanisa ya mji wa Leipzig tangu mwaka 1723 hata alipofariki mwaka 1750. Ilikuwa kazi yake kuleta kanisani, Jumapili na sikukuu, wimbo mkubwa wenye sehemu nyingi, ulioimbwa kwa fidla na filimbi na kinanda, nao ukafuata Injili ya siku ile. Habari za maisha yake zilizochapwa mwaka 1754 zasema kwamba aliacha nyimbo za namna hiyo za kutosha miaka mitano. Zilizo mikononi mwetu leo zapata 200 hivi, wala hazitoshi miaka minne. Nyingine zilikwenda wapi?

Alipokufa, mali zake ziliandikwa katika orodha. Vinanda vyake vimo, na vitabu vyake vya theolojia vimo, themanini hivi, pamoja na kazi za Luther za chapa mbili. (Walimu tulio na vitabu vitano na hatujamaliza viwili, na tunyamaze hapa.) Lakini nyimbo zake hazimo katika orodha ile hata moja, kwa kuwa zilikuwa zimegawanywa katika jamaa yake.

Sasa mjue kwamba kila wimbo ulikuwa na maandishi ya namna mbili. Kwanza ni hati ya mtungaji, yenye sauti zote pamoja. Pili ni karatasi za waimbaji na wapigaji, kila mtu sehemu yake. Kulikuwa na fungu moja la nyimbo ambazo Bach alizijenga juu ya nyimbo za kanisa, zile za akina Luther na Nicolai, ambazo baadhi yake nasi twaziimba kwa Kiswahili. Katika fungu hilo, hati zilimwangukia mwanawe wa kwanza, Wilhelm Friedemann, na karatasi za waimbaji zikamwangukia mjane wake, Anna Magdalena.

Friedemann alikuwa mtu mwenye kipawa kikubwa. Lakini mwaka 1764 aliacha kazi yake ya kanisa huko Halle, wala hakupata tena kazi ya kudumu, akatanga miji na miji pamoja na urithi wake. Forkel, mwanachuo aliyeandika baadaye kitabu cha maisha ya Bach, alisimulia kwamba Friedemann alitaka kumwuzia nyimbo za mwaka mzima kwa sarafu 20 za dhahabu. Forkel hakuwa nazo. Akalipa mbili tu, apate ruhusa ya kuzitazama kwa muda. Baadaye Friedemann, kwa kubanwa na uhitaji, aliziuza zote kwa thaler 12, wala Forkel hakujua tena zilikokwenda. Friedemann alikufa Berlin mwaka 1784, maskini. Hatumchekei. Mtu mwenye njaa huuza kilichomo nyumbani mwake. Lakini kwa kuwa nyimbo zile zilikuwa ndani ya sanduku la mtu mmoja, ulipofika msiba wa mtu yule ukawa msiba wa nyimbo pia.

Na mjane je? Yeye naye aliachiwa watoto, tena alihitaji neema ya wakubwa wa mji, apewe nusu mwaka ya kukaa katika nyumba ya shule. Katika mwaka ule ule wa 1750 alizitoa karatasi zake, zikawa mali ya shule ya Mtakatifu Thomas. Hatusemi kwamba alizitoa bila kufikiri shida zake. Yeye alikuwa mwanadamu. Miaka kumi baadaye alikufa, akiishi kwa sadaka za watu. Lakini karatasi alizozitoa zilikaa shuleni, mahali ambapo vijana waliimba, na nyimbo zaidi ya 40 za fungu lile zimo Leipzig hata leo.

Mmojawapo ni wimbo ulioimbwa tarehe 25 Novemba 1731, juu ya Injili ya wanawali kumi. Hati yake imepotea, haijaonekana kabisa. Karatasi za waimbaji ziko. Kila kwaya duniani iuimbayo wimbo ule leo yauimba kwa sababu ya karatasi zile.

Yuko na mwingine tumtaje, mkusanyaji kweli kweli, tena si Mkristo: Sara Levy, Myahudi wa Berlin, aliyezaliwa mwaka 1761, akafundishwa kinanda na Friedemann yule yule. Alikusanya nyimbo za Bach na za wanawe wakati watu wengi walipoziona kuwa za kizee. Hakuzifungia. Alizipiga mbele ya watu, kisha sehemu kubwa ya mali hiyo akakipa chama cha waimbaji cha mji wake, kiitwacho Sing-Akademie. Ni chama hicho kilichoimba tena Mateso ya Bwana kwa Injili ya Mathayo ya Bach mwaka 1829, mwimbishaji akiwa kijana Felix Mendelssohn, mjukuu wa dada yake Sara. Wakati wa vita kuu ya pili maktaba ya chama ilihamishwa ipate kusalimika, kisha ikachukuliwa mpaka Kyiv, na watu wakadhani imepotea. Mwaka 1999 ikaonekana, hati zaidi ya 5,000, na mwaka 2001 ikarudi Berlin.

Basi turudi kwa tajiri wetu. Msomapo tena mfano ule, tazameni ni nani asemaye na nani. Tajiri hasemi na mkewe, wala na mtoto, wala na mtumishi aliyevuna, wala na jirani mwenye njaa. Asema na nafsi yake tu. Auliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, hata Mungu aingie katika maneno yake. Twadhani hapo ndipo upumbavu wake ulipo, si katika ukubwa wa ghala. Yusufu naye alijenga ghala huko Misri, tena kubwa kuliko za huyu, na watu wakaishi. Kwa hiyo mwenye CD 10,000 ambaye nyumba yake i wazi, kijana wa jirani huja akasikia na kufundishwa, hatuna neno juu yake. Na mwenye CD tano azifungiazo kabatini, watu wasizishike, huyo ndiye tunayemwonea shaka.

Wengine watasema, Habari hizi zatuhusu nini? Siku hizi kijana wa kwetu aweza kulipa fedha kidogo kila mwezi na kupata katika simu yake nyimbo kwa mamilioni, pamoja na hizo za Bach. Ni kweli, ghala limekuwa halina kuta. Lakini kila kwaya yetu inalo ghala jingine, dogo sana, nalo ni daftari la nota la mwalimu wa kwaya.

Katika usharika mmoja tuujuao, mwalimu wa kwaya alikuwa na daftari lililojaa, kazi ya miaka mingi. Nyimbo nyingine alizitunga yeye, nyingine alizinakili kwa wazee waliokwisha kufa, na sauti zote nne zilikuwamo. Waimbaji walijifunza kwa kusikia, hakuna aliyeruhusiwa kunakili. Kisha pakatokea neno kati yake na wazee wa kanisa, akahama, akachukua daftari lake. Ndilo lake, hakuiba. Jumapili ya Majilio kwaya ilisimama, ikaimba wimbo mmoja tu.

Tangu hapo waimbaji hukutana Jumatano jioni pamoja na mwinjilisti, wakaandika wanazokumbuka. Mama mmoja mzee wa sauti ya pili amekuwa msaada mkubwa, maana ajua sehemu yake katika kila wimbo, hata nyimbo ambazo wengine wamezisahau. Nyimbo 19 zimekwisha andikwa, na nakala moja imewekwa ofisini mwa usharika, nyingine kwa mkuu wa jimbo. Katika nyimbo mbili besi haijapatikana.