Tume Hutumwa na Nani?

Neno tume halina siri. Limetokana na kitenzi kutuma, na nduguye wa karibu ni mtume, yaani mtu aliyebeba ujumbe wa mwengine. Anayetumwa hana budi kuwa na aliyemtuma. Na akisha kwenda, hana budi kurudi kwa yule yule, amweleze aliyoyaona na aliyoyasikia. Basi mtu anapotwambia kwamba nchi yetu yahitaji tume ya wananchi wenyewe, ya kuusukuma mbele uchumi wa taifa, suala la mwanzo si wajumbe wawe wangapi wala posho yao iwe kiasi gani. Suala ni hili: nani ataituma, na itarudi kwa nani?

Neno la pili nalo latudai tulitazame. Uchumi umetokana na kuchuma, kama mtu achumavyo embe au karafuu. Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini, na methali hiyo ni ya haki kwa sababu mchumaji na mlaji ndani yake ni mtu mmoja. Taifa haliko hivyo. Katika taifa yawezekana mmoja akachuma juani mchana kutwa, na mwengine asiyewahi kutoka jasho akalia kivulini. Hisabati ya ukuaji wa uchumi hujumlisha vyote vilivyochumwa katika mwaka, ikatupa tarakimu moja. Haisemi nani kabaki juani. Ndiyo maana naona kwamba suala la tume hii ni suala la maadili kabla halijawa la fedha.

Natutazame mfano ulio mbali na bahari yetu. Busawe iko mkoani Mara, katika nchi ya Tarime na Serengeti, nchi ya mtama, ulezi, mihogo na ng'ombe. Upande mmoja wa nchi hiyo iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo watu hutoka pembe zote za dunia kuja kuitazama. Upande mwengine, huko Nyamongo, uko mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kazi mwaka 2002. Watalii na dhahabu ni nguzo mbili kubwa za fedha za kigeni za Tanzania, na wakulima wa nchi ile wanaishi baina ya nguzo hizo. Tembo huvuka mpaka wa hifadhi wakala mazao usiku. Mwezi wa Mei 2009, maji yenye tindikali yalitoka mgodini yakaingia katika mto Tigithe. Mwezi wa Mei 2011, polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu kadhaa walioingia mgodini. Dhahabu ya miaka hiyo imehesabiwa katika pato la taifa. Shamba lililoliwa, maji ya Tigithe na roho za watu wale havikupata safu katika daftari lile.

Je, hatukuwa na tume? Tulikuwa nazo, na baadhi yake zilikuwa tume njema. Mwaka 2007 iliundwa kamati ya Jaji Mark Bomani kuichunguza sekta ya madini, na baada yake ikaja Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Mwaka 2017 zikaundwa kamati mbili juu ya makinikia, moja ya Profesa Abdulkarim Mruma na nyengine ya Profesa Nehemiah Osoro. Katika mvutano uliofuata yakapatikana makubaliano ya mwaka 2019, ambayo kwayo Serikali ilipata hisa asilimia 16 katika kampuni ya Twiga. Faida hiyo ni ya kweli, na si uungwana kuibeza. Lakini kamati zote hizo zilitumwa na Rais, na kwa Rais zikarudi. Mwanajiolojia ajua uzito wa dhahabu iliyomo ndani ya kontena. Ladha ya maji ya mto aijua yule anayeyanywa, naye hakuwa miongoni mwa waliotuma.

Hapa atasimama mpinzani, na ana haki ya kusikilizwa. Atasema: wananchi si wataalamu, ukiwauliza wengi utapata jibu la wengi, na jibu la wengi huenda likawa kosa. Atatukumbusha Tume ya Jaji Francis Nyalali ya mwaka 1991. Tume ile ilizunguka Bara na Visiwani, na takriban watu wanane katika kila kumi iliowasikiliza walitaka mfumo wa chama kimoja ubakie. Pamoja na hayo, tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Leo ni wachache wanaoilaumu. Basi kama tume iliyokwenda kinyume na wengi ndiyo iliyoona mbali, kuna haja gani ya kuwafanya wananchi kuwa viongozi wa tume?

Hoja hii ni nzito, lakini naona yathibitisha jambo jengine. Yatufunza kwamba kusikiliza si kuhesabu vichwa. Anayetumwa si kasuku. Ana akili yake, na anaweza kurudi na neno asilolitarajia aliyemtuma. Sharti lake ni arudi kwa aliyemtuma, aseme: mlinambia hivi, nami nimeona vile, na sababu zangu ni hizi, haya zipimeni. Sharti hilo ndilo lililokosekana. Mapendekezo yalikwenda juu, uamuzi ukapita juu, na wananchi wakausikia ukiwa umeshapikwa. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, iliyoteuliwa mwaka 2012 ikiwa na wajumbe wa Bara na Zanzibar nusu kwa nusu, ilijaribu kurudi: ilipeleka rasimu yake ya kwanza kwa mabaraza ya katiba wilayani. Lakini mwaka 2014 Bunge Maalumu liliyaondoa mapendekezo yake makubwa, likiwemo lile la serikali tatu, na kura ya maoni iliyoahidiwa haikupigwa. Mjumbe alitaka kurudi nyumbani, akakuta mlango umefungwa.

Sisi wa visiwani tuna somo letu, nalo ni la zamani zaidi. Katika miaka ya 1930 kilikuwapo hapa chama kilichoitwa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, Clove Growers Association. Kwa jina kilikuwa cha wakulima. Kwa kweli kiliongozwa na maafisa wa Serikali ya Kiingereza, na kwa sheria za Serikali hiyo kikapewa mamlaka juu ya biashara ya karafuu, hata wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma kuzinunua mwaka 1937. Mkulima aliyepanda ngazi mkarafuuni alikuwa na chama chenye jina lake, ila yeye hakukituma popote. Tujihadhari, basi. Jina la mwananchi ni vazi, na vazi huweza kuvaliwa na yeyote.

Kwa upande wa pili, tunao mfano wa watu waliojituma wenyewe. Huko Litowa, Songea, vijana wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha mapema katika miaka ya 1960 Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Vijiji vyake vilifika kama kumi na saba. Walilima pamoja, wakajadili pamoja mapato yao, wakaendesha shule na kinu chao. Mwalimu Nyerere aliwapenda, na waliyoyafanya yalimpa moyo alipofikiri juu ya vijiji vya ujamaa. Mwezi wa Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mali zake zikachukuliwa. Hakikuvunjwa kwa sababu kimefilisika. Kilivunjwa kwa sababu wakubwa hawakustahamili kuona maendeleo yanakwenda bila ya wao kuyatuma. Nchi ikabakia na neno ujamaa, ikalipoteza tendo.

Turudi Mara. Wakurya wana mkutano wa hadhara uitwao iritongo, unaokaa mahali pa wazi na kusema mbele ya wote. Baada ya vita vya Kagera vya miaka ya 1978 na 1979 bunduki zilizagaa, na wizi wa ng'ombe, uliokuwa ushujaa wa vijana, ukageuka biashara ya silaha. Katika miaka ya 1990 mkutano huu uliungana na sungusungu, walinzi wa vijiji walioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi, na wizi ukapungua sana. Hakuna aliyewaita wachumi. Hata hivyo walilijenga jambo ambalo bila yake hakuna uchumi: mtu kulala usiku akiamini kwamba atakachokiacha zizini atakikuta asubuhi.

Lakini tusiwapake marashi. Mkutano ule uliwahi kupiga watu kwa fimbo, na wanawake walibaki pembeni mwake, ilhali jembe la ulezi na mihogo wanalishika wao. Mtuhumiwa hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Hivyo wananchi nao waweza kudhulumu, na dhulma haiwi haki kwa kuwa imetendwa na wengi.

Kutokana na hayo natoa rai yangu. Tume ya wananchi ya uchumi, ikiwa itaundwa, isianzie mji mkuu ikashuka. Ianzie Busawe na Litowa, Micheweni na Makunduchi, kila mahali watu wakimchagua wa kumtuma kwa jina lake, na wanawake wawe na nafasi ya kutuma na kutumwa. Wataalamu wawepo, wawe wasaidizi. Tume iwe na haki kisheria ya kufunguliwa madaftari: mkataba wa mgodi, hesabu ya hifadhi, bei ya karafuu. Pawe na mahala pa rufaa kwa atakayeonewa na tume yenyewe. Na kila mwaka mjumbe arudi asimame mbele ya waliomtuma, kabla hajasimama mbele ya mkubwa yeyote.

Huenda uchumi ukakua polepole kwa njia hii. Nakubali. Lakini kuna kukua na kuna kuvimba, na mwili uliovimba humridhisha anayeutazama kwa mbali tu. Mwenye mwili huo ajua maumivu yake. Tume isiyomuuliza yeye itaandika kwamba amenenepa.