Je, Kukatwa ni Kupungua?

Mtu anapoacha desturi mbaya kwa ajili ya imani, huulizwa: Je, umepata au umepoteza? Habari ya sarafu moja ya kale yaweza kusaidia kujibu.

Huko Australia, katika koloni ya Waingereza iliyoitwa New South Wales, palikuwa na upungufu mkubwa wa feza. Sarafu nzuri zilizofika ziliondoka tena pamoja na wafanyabiashara wa merikebu, kwa maana zilipokelewa katika bandari nyingi. Mwaka 1812 Gavana Lachlan Macquarie alipata dola 40,000 za Kihispania, akaamuru kila moja itobolewe katikati. Pete iliyobaki ilipigwa chapa yenye jina la koloni na mwaka 1813, ikahesabiwa shilingi 5. Kipande kilichotoka katikati nacho kilipigwa chapa, kikahesabiwa peni 15. Tundu lile liliwekwa ili sarafu isitamaniwe ng'ambo, bali ibaki na kuwatumikia watu wa nyumbani.

Aliyefanya kazi hiyo alikuwa William Henshall, mtu aliyepelekwa huko kama mfungwa kwa kosa la kughushi feza. Mkono uliotengeneza feza za uongo ulipewa kutengeneza feza za kweli.

Basi mkatekumeni na afikiri. Ameacha hirizi, amekataa kumshuhudia ndugu yake kwa uongo, na sasa rafiki wa zamani humcheka wakisema: Umepungukiwa. Ni kweli kwamba hawezi tena kupita katika kila shughuli, kama vile sarafu ile isivyoweza kupita katika kila bandari. Lakini je, amepungua?

Si kila kukatwa ni kwema. Mwizi akikwangua ukingo wa sarafu, huipunguza tu. Tofauti imo katika nia ya mwenye kukata, na katika chapa inayofuata. Gavana alikata ili kuhifadhi, kisha akatia alama yake. Mungu naye huondoa kwa mtu kile kinachompeleka mbali, kisha humtia muhuri wake katika Ubatizo.

Chapa ya gavana ilikoma: kufikia mwaka 1829 sarafu zile ziliondolewa katika matumizi. Muhuri wa Ubatizo haufutiki kamwe. Kwa hiyo mkatekumeni asihesabu tundu peke yake. Atazame pia chapa anayoingojea, na Yule mwenye kuitia.