Sarafu Iliyochakaa



Habari ya dinari katika Mathayo 22 twaijua sote. Dinari ilikuwa ya fedha. Leo twaitazama ndogo yake, sarafu ya shaba ambayo Bwana aliitaja aliposema juu ya bei ya mashomoro wawili (Mathayo 10:29). Biblia yetu yaiita senti. Warumi waliiita asi, na asi 16 zilifanya dinari moja. Ndiyo iliyopita mikononi mwa maskini, na kwa hiyo mara nyingi yaokotwa imechakaa.

Wajuzi huitambuaje? Huuliza maswali yale yale mawili ya Bwana: sura ni ya nani, na maandishi ni ya nani. AVG ni Augusto. Upande wa nyuma, SC ni kwa azimio la Seneti. Tangu Nero, kichwa chenye taji la miali ya jua kwa kawaida ni sarafu ya asi mbili. Lakini huenda zimebaki herufi tatu tu. Basi mjuzi huigeuza polepole, mwanga ukitoka ubavuni, akatazama pua na kidevu. Nero hutambulikana kwa shingo yake nene, hata jina likiwa limefutika.

Jambo moja hulikataza kabisa, nalo ni kuisugua kwa brashi ya waya au kuitia asidi. Ule ukoko wa kijani umeshika alama za uso. Ukiubandua, sura nayo huondoka, ukabaki na kipande cha shaba king'aacho kisicho cha mtu yeyote.

Tuutazame mtaa wetu. Mwanzo 1:27 yatuambia sura iliyo juu ya kila mwanadamu. Tunapomsimamisha binti aliyezaa nje ya ndoa mbele ya kanisa zima, akiri kwa sauti kabla ya kurudishwa Mezani pa Bwana, twaitafuta sura ile au twasugua? (Kijana aliyehusika, kwa kawaida, amekaa kwenye kwaya.)

Hatusemi dhambi si kitu. Iko kutu ya unga wa kijani iilayo shaba, na mjuzi haiachi. Ila huitoa kwa ncha ya sindano, chembe kwa chembe, chini ya kioo cha kukuzia. Mathayo 18:15 yaanza na watu wawili peke yao, na kanisa huja mwisho. Sisi tumeanzia mwisho. Mabinti wawili wamekwisha kuhamia kanisa jingine, na wa tatu hasali popote. Halmashauri ya kanisa itakapokutana, twaomba jambo hili liwekwe mbele yao.