Anayeamka daku na haamini

Ramadhani ya 12.

Mzazi mwenzangu, leo sisemi na asiyefunga. Nasema na wewe uliyefunga, ambaye nyumbani kwako yupo kijana anaamka daku, anakula na wenzake, halafu mchana kule shambani anakunywa maji nyuma ya dungu. Na unajua. Umenyamaza, au umeshamtolea maneno makali.

Mmoja aliniambia mwaka jana (ameniruhusu niseme, bila jina): "Shehe, mimi siamini tena. Namfungia mama, simfungii Mungu." Nilitaka kumkatiza. Nikameza mate tu, na mate hayafunguzi.

Sasa tuangalie. Funga haiswihi bila nia, na nia mahali pake ni moyoni. Ukimkazia macho mpaka ashinde na njaa, umepata nini? Umepata njaa yake, na umemfundisha kuigiza. Qur'ani ina sura nzima, Al-Munaafiquun, juu ya waigizaji, na haikuwasifu. Aya ya 256 ya Al-Baqara tunaitaja sana tukiwajibu watu wa nje. Tuisome na ndani ya nyumba.

Machi 2024, Zanzibar, polisi walikamata watu 12 kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Kule karibu wote ni Waislamu, na wapo wanaosema ni kulinda heshima ya mwezi. Heshima ina haki yake, sikatai. Lakini pingu haifiki moyoni. Hapa Ifakara tunaishi na Wakatoliki, mama ntilie anapika mchana na hakuna anayemgusa. Jirani tunamvumilia vizuri kabisa, jamani. Mtoto wa kumzaa ndiye tunamfungia mlango!

Mtume (S.A.W.) alilelewa na ami yake Abu Talib. Kwa wanazuoni wetu wa Sunni, mzee yule alifariki bila kusilimu. Mtume alimlingania mpaka kitandani pa mauti, na katika miaka yote ile hakumkata. Mwaka aliofariki yeye na Bi Khadija ukaitwa Mwaka wa Huzuni.

Yule kijana sasa yuko ng'ambo ya daraja, upande wa Ulanga. Nyumbani haji. Anasema siku akipigiwa simu aje kufuturu tu, bila darsa, atapanda bodaboda siku hiyohiyo.

Anayetaka kuzungumza, nipo msikitini baada ya Alasiri. Wassalaamu alaykum.